Milton, nyoka na mimi mkalimani

Najua nimepotea, na wapo walioanza kuuliza kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo. Ni mambo ya muhula tu: tesiti tatu ndani ya wiki moja, bumu limechelewa, na juu ya yote hayo nikapangiwa prezentesheni kwenye kozi ya ushairi wa Kiingereza. Leo nataka niwasimulie habari ya prezentesheni hiyo, maana imenigusa mahali ambapo sikutegemea kuguswa na kitabu cha Mwingereza aliyefariki mwaka 1674.

Kitabu chenyewe kinaitwa Paradise Lost, cha John Milton. Ni utenzi wa mistari zaidi ya 10,000. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1667 likiwa na sehemu 10, ambazo mwenyewe anaziita vitabu, na toleo la mwaka 1674 likapangwa upya kuwa vitabu 12. Hadithi yake mnaijua wote, hata yule aliyekuwa akitoroka shule ya Jumapili: Shetani anaasi mbinguni, anatupwa chini, anakuja bustanini, Hawa anakula tunda, Adamu naye anakula, wanafukuzwa. Kwenye Biblia habari ya nyoka na tunda ni sura moja tu ya Mwanzo. Milton ameivuta mpaka ikajaa kitabu kizima.

Siku ya kwanza nilikwenda kukaa kwenye vimbweta na karanga zangu za mia mbili, nikijiambia nitamaliza kitabu cha kwanza kabla jua halijazama. Wapi! Sentensi ya kwanza tu ina mistari 16 ndipo ukutane na nukta, na kitenzi chake kikuu unakikuta mstari wa 6. Niliisoma mara nne. Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja akachungulia akasema, "Kaka, hicho Kiingereza au Kilatini?" Hakukosea sana. Milton alikuwa bingwa wa Kilatini, na Kiingereza chake anakipinda kifuate mwendo huo. Halafu vina hakuna. Mwaka 1668 aliongeza maelezo kitabuni akijitetea kwamba vina ni utumwa na yeye anaurudishia ushairi uhuru wake wa kale. Hapo nilicheka peke yangu, maana ugomvi huo hata sisi tumeupitia, Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na wanamapokeo wakasema hayo si mashairi.

Lakini kilichonishika zaidi si vina. Ni jinsi anavyoanza. Anaanza kwa kuomba. Anamwomba Roho amwangazie kilicho giza ndani yake, ili aweze kuonyesha kwamba Mungu hakukosea katika yote aliyotutendea. Watunzi wetu wa pwani nao walianza kwa jina la Mungu, na Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ni mfano mzuri. Ila Milton anakwenda mbali zaidi. Anamwekea Mungu maneno mdomoni. Kitabu cha 3 Mungu anazungumza na Mwanawe, hotuba ndefu kabisa, na hotuba hiyo haimo kwenye Biblia yoyote. Nikajiuliza: huyu mzee kapata wapi ruhusa?

Nikaanza kumchimba. Milton alizaliwa London mwaka 1608. Mwaka 1644 alichapisha kijitabu kiitwacho Areopagitica, akipinga sheria iliyotaka kila kitabu kikaguliwe kabla ya kuchapwa, na kijitabu hicho mwenyewe alikitoa bila kibali. Humo kuna hoja moja iliyonikaa kichwani: kwamba mtu anaweza kushikilia jambo la kweli na bado akahesabiwa mzushi, kama sababu yake pekee ya kuliamini ni kwamba mchungaji kasema. Soma tena polepole hiyo. Mimi mtoto wa mzee wa kanisa niliisoma polepole sana.

Januari 1649 Waingereza walimkata kichwa mfalme wao, Charles I. Milton akatetea kitendo hicho kwa kalamu, na mwaka huohuo serikali mpya ikampa kazi. Kazi gani? Katibu wa lugha za kigeni. Yaani kwa maneno yetu, mtafsiri. Barua za serikali kwenda kwa wafalme wa Ulaya alikuwa anaziweka kwenye Kilatini, na zinazokuja anazifasiri. Mtu huyuhuyu aliyepinga ukaguzi, baadaye alipewa hata kazi ya kukagua gazeti lililounga mkono serikali. Binadamu ndivyo tulivyo.

Kufikia mwaka 1652 alikuwa kipofu kabisa. Mwaka 1660 ufalme ukarudi, vitabu vyake vikachomwa hadharani, naye akafungwa kwa muda. Katika hali hiyo, amepoteza macho, amepoteza siasa yake, ndipo akautunga sehemu kubwa ya utenzi huu kwa mdomo, wengine wakiandika. Inasimuliwa kwamba mistari ilimjia usiku, na asubuhi mwandishi akichelewa, mzee alilalamika kwamba anangoja kukamuliwa, kama ng'ombe vile! Mchapaji alimpa pauni 5, na baadaye pauni 5 nyingine nakala 1,300 zilipouzwa. Inasemekana kasisi aliyekagua muswada alisita kwenye mistari inayofananisha Shetani na jua lililopatwa, kwa sababu kupatwa huko kunawatia wafalme hofu. Mfalme mpya angeweza kudhani anasemwa yeye.

Basi bwana, siku ya semina ikafika. Mhadhiri wetu hakusubiri hata nifungue daftari. Akauliza darasa zima: "Humu ndani, nani anaongea vizuri kuliko wote?" Tukatazamana. Mwishowe dada mmoja wa safu ya mbele, ambaye ni kiongozi wa kwaya ya wanafunzi, akasema kwa sauti ndogo, "Shetani, mwalimu." Darasa likaangua kicheko, lakini hakuna aliyembishia.

Na ndiyo kweli. Vitabu vya kwanza viwili Shetani anazungumza mpaka unataka kumpigia makofi. Ameanguka, ameungua, jeshi lake liko chini, anasimama anawainua kwa maneno matupu. Anasema habari za uhuru na kutopiga magoti. Ukigeuka kumsikiliza Mungu wa kitabu cha 3, yeye anaongea kavu, bila mapambo, kama mtu anayesoma hukumu. Wasomi wameligombania jambo hili kwa karne. William Blake, miaka ya 1790, alidai Milton alikuwa upande wa Shetani bila mwenyewe kujua. C. S. Lewis mwaka 1942 akajibu kwamba ukimsikiliza Shetani kwa makini utaona ni mtu wa kujililia nafsi yake tu. William Empson mwaka 1961 akamshambulia huyo Mungu wa Milton waziwazi. Kisha mwaka 1967 Stanley Fish akaja na hoja ambayo mimi naikubali: kwamba ule utamu ni mtego wa makusudi. Milton anakuacha uvutwe na maneno ya Shetani, halafu anakugusa bega: umeona? Ndivyo Hawa alivyoanguka, na wewe umeanguka ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

Jioni nilimpigia baba simu, nikamweleza ninachosoma. Baba hakusoma zaidi ya darasa la saba lakini Biblia anaijua. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kama humo Shetani anaongea vizuri kuliko wote, hayo maneno alipewa na nani?" Nikasema, "Na Milton, baba." Akasema, "Haya. Basi mwangalie huyo Milton." Simu ikakatika, bando lilikuwa limeisha.

Sehemu yangu ya kuwasilisha ilikuwa kitabu cha 9, pale nyoka anapokutana na Hawa. Kwenye Mwanzo, nyoka anaanza kuongea na Hawa anamjibu tu, wala hashangai. Milton aliliona pengo hilo. Hawa wake anashangaa: wewe mnyama, umepata wapi lugha ya watu? Na hapo ndipo Shetani anapocheza karata yake. Anasema, nilikuwa mnyama kama wengine, nikala tunda la mti fulani, akili ikafunguka, nikaanza kuongea. Ananyanyuka mbele ya mti, na Milton anamfananisha na wale wasemaji mashuhuri wa Athene na Roma ya zamani. Hawa anapiga hesabu zake: nyoka kala, hajafa, na tazama anavyoongea. Anakula.

Mmeona kilichotokea hapo? Ushahidi wote aliopewa Hawa ni ufasaha wenyewe. Hakuona nyoka akila. Hakumuuliza mtu. Alisikia maneno mazuri kutoka kinywa kisichotarajiwa, akadhani uzuri wa maneno ndiyo ukweli wake.

Nilipokuwa nalieleza hilo mbele ya darasa, nilisimama katikati ya sentensi. Wenzangu walidhani nimesahau. Sikusahau kitu. Nilikumbuka.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Mimi kwetu Njombe nilikuwa mkalimani wa kanisani. Nikiwa kidato cha tatu Kiingereza changu kilikuwa kinatembea kuliko cha wenzangu, basi akija mgeni kutoka nje kuhubiri, anaitwa mimi. Navaa tai ya baba, nasimama pembeni ya mgeni. Yeye sentensi, mimi sentensi. Watu wazima walionifunza kufunga kamba za viatu wanasema "Amina!" kwa maneno yanayotoka kinywani mwangu. Nisiwafiche, ilikuwa tamu. Mabibi walianza kuniamkia wao kwanza. Kwa kosa gani jingine zaidi ya kujua Kiingereza?

Siku moja alikuja mgeni mmoja mtaratibu. Wakati wa sadaka alisema sentensi fupi tu, kwamba kila mmoja atoe kwa kadiri ya alichonacho. Mimi nilikuwa nimeshapandwa na moto wa zile Amina. Nikageukia watu nikasema: "Kile unachokishika kwa nguvu kuliko vyote, ndicho Bwana anachokuomba leo! Usiufumbe mkono, mama! Ufungue! Mwenye kufumba mkono hafungi pesa, anafunga baraka zake!" Mgeni akanitazama kidogo, akatabasamu, hakujua nimesema nini. Kanisa likalipuka. Safu ya tatu, mama mmoja muuza maandazi akafungua pindo la kanga, akatoa kila kilichokuwemo, akaja mbele akilia.

Jioni mama yangu aliniambia, akichambua mchele, bila kuniangalia: "Ile ilikuwa hela ya sare ya mwanaye." Nikasema, "Mungu atamlipa." Nilijibu haraka sana. Tangu siku hiyo kila nikipita karibu na kibanda chake nilikuwa navuka upande wa pili wa barabara.

Ndiyo maana nilisimama katikati ya sentensi. Miaka yote nilijiambia kwamba mimi ni bomba tu, maji ni ya mgeni. Milton alinivua koti hilo. Yule mama hakuwa na njia ya kujua wapi mgeni ameishia na wapi mimi nimeanza. Alichonacho ni mtoto wa jirani ambaye jana alikuwa hajui, leo anaongea lugha ya ng'ambo, basi bila shaka amekula tunda fulani. Uzuri wa maneno yangu ulikuwa ndiyo hati yangu ya mamlaka, na hati hiyo nilijigongea muhuri mwenyewe.

Mtu anaweza kuniuliza, je, na Milton mwenyewe? Naye si anatumia ufasaha uleule kusema habari za Mungu? Hata darasani swali hilo liliulizwa, na sikuwa na jibu zuri. Jibu nililonalo leo ni hili. Nadhani Milton alijiogopa. Mara kwa mara anasimamisha hadithi na kuomba, mwanzoni mwa kitabu cha 1, cha 3, cha 7, na kwenye cha 9 anakiri wazi kwamba kazi hii itamshinda kama yote ni yake mwenyewe na hakuna aliyemletea. Mtafsiri mkongwe yule alijua jinsi ilivyo rahisi kuchanganya sauti yako na ya bwana wako. Mimi nilipopanda madhabahuni na tai ya baba, sikuogopa chochote.

Na kuna mambo mawili kwenye kitabu cha 10 ambayo hayakuwa sehemu yangu ya kuwasilisha lakini niliyasoma usiku ule mpaka umeme ukakatika, nikamalizia kwa tochi ya simu. La kwanza: Shetani anarudi kuzimu na ushindi wake, anatoa hotuba ya majigambo, anasubiri makofi. Badala ya makofi anasikia mluzi wa nyoka ukumbi mzima. Wasikilizaji wake wamegeuka nyoka, naye anaanguka kwa tumbo, ulimi umepasuka, anataka kusema anashindwa. Msemaji hodari kuliko wote ananyang'anywa lugha.

La pili ni dogo, unaweza kulipita. Adamu na Hawa wamegombana, wamelaumiana, wamechoka. Mwishowe Adamu anasema, twende pale tulipohukumiwa, tupige magoti, tuungame, tulie. Halafu msimulizi anasema walikwenda, wakapiga magoti, wakaungama, wakalia. Milton anarudia maneno karibu yaleyale, mistari ileile, anabadilisha nafsi na njeo tu. Mtu mwenye Kiingereza kingi kiasi kile, anafika mahali pa toba, anaona hakuna haja ya kutafuta maneno mapya. Kilichosemwa kimefanywa, basi.

Wiki iliyopita tulikuwa na mapumziko mafupi. Nikapanda basi la alfajiri kwenda nyumbani, na mfukoni nilikuwa na hela kidogo niliyoipata kwa kuchapia watu ripoti zao. Kesho yake sikuvuka barabara. Nilikwenda moja kwa moja kibandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda! Huko chuoni hawali?"

Njiani nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri. Niliiacha. Nikasema, "Mama, siku ile ya mgeni, yale maneno ya kufungua mkono hayakuwa ya mgeni. Yalikuwa yangu. Nisamehe."

Akaendelea kugeuza maandazi kwenye mafuta. Kisha akasema, "Nilijua."

"Ulijuaje, mama?"

"Mgeni alisema maneno matano, wewe ukasema hamsini. Mimi sikusoma, lakini kuhesabu najua." Akaepua maandazi, akayaweka kwenye beseni. "Mimi nilimpa Mungu. Sikukupa wewe wala yule mgeni, hilo liache. Ila mtoto alikaa miezi mitatu na sare iliyochanika mgongoni, wenzake wakimcheka. Hilo ndilo nataka ulijue."

Sikuwa na la kusema. Nikatoa zile hela nikampa kwa mikono miwili. Nilidhani atakataa, kama wanavyokataa kwenye hadithi. Akazipokea, akazihesabu mbele yangu, akazifunga kwenye pindo la kanga. Akanipa maandazi mawili ya moto kwenye gazeti.

Nimefikiri sana njiani kurudi chuo. Mimi nilimfanya Hawa, mtu aliyedanganywa na nyoka mwenye Kiingereza. Kumbe hakudanganyika kama nilivyodhani. Imani yake ilikuwa inajua kuhesabu. Kosa langu halikupungua kwa hilo hata kidogo, maana mtoto alichekwa kweli. Lakini ile picha yangu, kwamba mwenye lugha ndiye anayejua na asiye nayo anameza tu, ilikufa pale kibandani.

Baba ameniambia kuna mgeni mwingine anakuja Desemba, na wazee wameniulizia. Nimekubali, kwa sharti moja nililojiwekea mwenyewe. Akisema maneno matano, nitasema matano. Kiswahili kikinisaidia, hata matatu yatatosha.

Nisiwachoshe. Tesiti ya Jumatatu inaningoja na bumu bado. Wenye maoni karibuni, hata wa kunisuta. Alamsiki.